Mananasi Kumi na Mawili ya Karatasi

Wifi yangu Orpha hakuniomba kitu kwa miaka arobaini na mitano. Mimi ndiye niliyekuwa mwombaji: aniazime sufuria kubwa, aniangalizie watoto, anioneshe namna ya kugeuza kona ya mfarishi, lile blanketi la vipande vya vitambaa, bila kitambaa kujikunja. Nilipoolewa na mdogo wake, Delbert, nilikuja huku mashambani kutoka Cleveland nikiwa sijui hata kutunga uzi. Orpha ndiye aliyenikalisha kwenye kiunzi cha kushonea mifarishi, katika chumba cha chini cha kanisa letu la Mennonite, akanivisha kidoleni subana ya kukinga sindano na kuniambia, "Wifi, hapa kwetu mwanamke husemwa kwa mishono yake. Tuanze mapema kabla hawajaanza wao." Basi siku aliponiomba yeye, Machi mwaka huu, ilikuwa haki yake nimfanyie kama alivyotaka. Sikumfanyia hivyo.

Ilikuwa jikoni kwake. Alikuwa amekata pai ya tufaha na kumwaga kahawa, na juu ya meza kulikuwa na rundo la miraba aliyoishona mwenyewe, imefunikwa kitambaa safi kama mkate unaosubiri kuumuka. Mjukuu wake Kendra alikuwa aolewe Jumamosi ya pili ya Juni. Kwa Orpha kila mjukuu akioa au kuolewa hupata mfarishi wa mkono wa bibi yake. Sita walishapata. Kendra alikuwa wa saba na wa mwisho, naye alichagua nanasi, kwa sababu watoto huchagua kwa macho, hawajui gharama ya vidole.

Nanasi ni mraba unaoungwa kwa kanda nyembamba za kitambaa. Unaanza na kijiraba katikati, unazungushia ukanda kila upande, kisha ukanda kila pembe, upande tena, pembe tena, cheusi kwa cheupe, mpaka pembe zichongoke kama majani ya nanasi lenyewe. Mraba mmoja, wa inchi kumi tu, una vipande hamsini na kitu. Orpha alikuwa akishona kwa njia ya mama yake: anakata mraba wa bafta, kitambaa chepesi cha kushonea kanda juu yake, anaukunja apate mistari ya katikati, anaweka ukanda, anashona, anaukunjua, anapiga pasi, anapima, anakata kwa mkasi, anageuza, anaanza upya. Mfarishi ulihitaji mananasi arobaini na mawili. Alikuwa ameshona thelathini kwa miaka mitatu, kisha baridi yabisi ikamshika vidole.

"Yamebaki kumi na mawili, wifi," aliniambia. "Vidole vimegoma. Nimalizie wewe."

"Nitakumalizia. Kwani nina ng'ombe wa kukamua siku hizi?"

"Kwa njia yetu lakini. Bafta nimekwisha kuikata, hii hapa, miraba kumi na miwili. Usiniletee mambo ya dukani."

"Mambo gani ya dukani?"

"Unayajua. Wewe unapenda njia ya mkato. Ukioneshwa lango la mbinguni utauliza kama hakuna mlango wa uani."

Nilicheka, naye akacheka, na hapo ndipo Merle alipoingia. Merle ni mwanawe, baba yake Kendra, ndiye mtoto pekee aliyebaki karibu; wengine wametawanyika hadi Kansas na Oregon. Ni mtu mwema, mwenye wasiwasi mwingi. Januari alimkuta mama yake amesahau sufuria motoni hadi ikatoboka, na tangu siku hiyo alikuwa akimtajia chumba kwenye nyumba ya wazee kila alipokuja kumletea barua.

"Mama, kile chumba bado kipo," alisema, hata koti hajavua.

"Merle, nina miaka sabini na tisa na bado ninakata kitambaa kikatoka sawa bila kuchora mstari. Siku nitakayoshindwa, uje na lori. Kabla ya hapo usinitajie."

"Umesema, Mama. Anti Luella ni shahidi."

"Nimesema. Na mimi nikisema nimesema."

Hayo ndiyo maneno, na mimi nilikuwa pale nikitafuna pai yake.

Nilikwenda nyumbani na bafta ile nikiwa na nia njema, naapa. Nilishona nanasi la kwanza kwa njia yake kwa siku nne. Lilitoka limepinda kama mlango wa zizi letu la zamani. Nikalifumua, nikalianza tena, nikalifumua tena. Delbert aliniangalia kutoka kwenye kiti chake akasema, "Mama Renae, hilo nanasi limekuchoma," nami nikamjibu kwa maneno ambayo siyaandiki. Kumbe ninavyojisifu kwa mishono, sijawahi kuwa na jicho la Orpha. Yeye hukata kwa kutazama. Mimi nahitaji mstari.

Kesho yake nikaenda dukani kwa Twila, anayeuza vitambaa njia panda ya kwenda Kidron. Nikamwambia nataka njia rahisi ya kushona nanasi, na kwamba asiulize.

"Sijauliza," alisema Twila. Akatoa vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa rula maalumu ya plastiki, pana, imechorwa mistari ya kila aina. Unashona ukanda bila bafta wala nini, unaiweka rula juu, unakata. Cha pili kilikuwa karatasi moja tu imechapwa nanasi zima, kila ukanda na namba yake. Unatoa nakala, unaweka kitambaa nyuma ya karatasi, unashona juu ya mstari uliochapwa, kwa zamu ya namba, moja, mbili, tatu. Ukimaliza unaichana karatasi na kuitupa.

"Rula inataka mazoezi," Twila aliniambia. "Karatasi haitaki hata akili. Mjukuu wangu wa miaka tisa anashona."

"Na ukishaichana karatasi, mtu atajua?"

Alinitazama juu ya miwani. "Nani huyo ambaye hatakiwi kujua?"

"Twila."

"Basi. Chukua karatasi. Lakini ukitoa nakala ya kwanza, uipime kwa rula kabla hujatoa nyingine. Hizi mashine zina tabia ya kupunguza picha ili iingie kwenye ukurasa. Ndiyo maana wamekuchorea hiki kiboksi cha inchi moja hapa pembeni."

"Twila, nimeanza kushona mifarishi wewe ukiwa unanyonya."

"Najua. Upime tu."

Sikupima. Nilikwenda ofisini kwa kanisa, kwenye ile mashine kubwa inayotumia karatasi pana, nikatoa nakala kumi na mbili mfululizo, nikazikunja na kuziweka chini ya kapu la mayai nisionekane nazo. Mtu anayejificha hana muda wa kupima.

Sasa nikiri jambo moja: nilifurahi. Siku kumi zile zilikuwa tamu. Cherehani ilikwenda juu ya mistari ile kama gari kwenye lami mpya, na kila nilipogeuza karatasi nilikuta upande wa pili pembe zimechongoka sawasawa, hata uzi mmoja haukuruka. Nikawa nashona huku naimba. Nikajiambia kuwa Orpha alitaka mananasi, na haya ni mananasi, na kwamba Mungu hakuandika popote kuwa bafta ni takatifu. Mtu akitaka kudanganya huanza na nafsi yake, maana ndiyo iliyo karibu. Ile miraba ya bafta aliyoikata kwa vidole vile vilivyovimba niliitia kwenye droo, nikafunga.

Kisha nikayatandika yote arobaini na mawili sakafuni ili niyaunge. Yangu yalikuwa madogo.

Si sana. Ukiyaona mbalimbali hungejua. Lakini nilipoweka langu juu ya la Orpha, lake lilitokeza pembeni, pungufu kidogo ya nusu inchi. Nikatafuta kile kiboksi cha Twila kwenye mabaki ya nakala moja niliyoichana, nikakipima. Hakikutimia inchi moja. Nilikaa pale sakafuni na rula mkononi nikamchukia Twila, jambo ambalo halikuwa na maana yoyote.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuyashona upya yale kumi na mawili, siku kumi nyingine, wakati kina mama walikwisha kunitengea kiunzi na harusi ilikuwa imebakiza wiki sita. Ya pili ilikuwa kwenye kikapu changu: kisu cha gurudumu, kikali, kinachokata tabaka nne kwa mpito mmoja. Nikasema, haya ya Orpha nayo hayalingani kabisa, hili limezidi uzi mmoja, lile uzi mbili. Sitayakata, nitayanyoosha tu. Nikachukua la kwanza. Nikaweka rula, nikapitisha kisu pande nne. Kisha la pili. Kufikia la kumi mkono ulikuwa umezoea. Kabla Delbert hajarudi kutoka mnadani nilikuwa nimeyamaliza yote thelathini, kazi ya mchana mmoja, na vinyuzi vya kitambaa vimejaa mfuko wa unga.

Shida ya nanasi ni kwamba kanda zake zote zina upana mmoja. Ukilipunguza pande zote, ukanda wa mwisho unakuwa mwembamba kuliko wenzake. Mtu wa kawaida hataona. Mtu aliyelishona ataona akiwa mlangoni.

Nikauunga mfarishi, nikaupiga pasi, na Jumamosi ya mwisho ya Aprili nikampelekea. Niliutandaza juu ya kitanda chake. Orpha alisimama akiutazama, mikono nyuma, kisha akainama, akapitisha kidole kwenye ukingo wa nanasi moja, lake. Akapitisha kwenye la pili. Akaenda upande wa pili wa kitanda kwenye yale yangu kumi na mawili, akayagusa, akarudi. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu yote. Nilikuwa nimekwisha kuamua kuwa akiniuliza nitasema.

Hakuniuliza. Alisema, "Wifi, yangu yote nimekosea."

"Umekosea nini?"

"Hebu ona. Yako yametimia. Ukanda wa mwisho wa kwangu haukutimia hata mmoja. Nimekata bafta ndogo. Miaka mitatu nimekuwa nikikata ndogo na sijui." Alikaa kitandani taratibu, juu ya mfarishi wenyewe. "Na wewe ukalazimika kushona yako yalingane na makosa yangu."

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Mlango ulikuwa wazi, hata kusukuma sikuhitaji. Nikasema, "Nililinganisha tu, wifi. Si kitu."

"Ahsante kwa kutoniambia," alisema.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu, lakini hawasemi kuwa mwenyewe huiona ndefu. Mimi niliitembea kwa siku kumi na tisa.

Alhamisi iliyofuata kina mama walikusanyika kanisani kuanza kuushona mfarishi kwenye kiunzi, uso wake pamoja na pamba na kitambaa cha chini. Nafasi ya Orpha ni ya upande wa dirisha, tangu kabla sijaolewa. Siku hiyo hakukaa. Alivuta kiti hadi mezani pembeni, akaanza kututungia nyuzi kwenye sindano, kazi tunayowapa wageni na watoto, na tuliyompa yule mama mmoja marehemu ambaye mishono yake tulikuwa tukiifumua kimya kimya akishaondoka.

"Dada Orpha, mbona huko?" mmoja alimuuliza.

"Macho yangu hayaaminiki tena. Tazameni hata ukingo wa mananasi yangu mtaona. Wifi yangu amejitahidi kuniokoa."

Wakatazama. Wakaona. Kisha kwa upole wakaanza kusifu yale kumi na mawili, jinsi yalivyonyooka, jinsi mkono wangu usivyozeeka. Nilijichoma sindano mara tatu, na sikuwa nimejichoma sindano tangu Renae, mtoto wetu wa kwanza, azaliwe. Nilitia doa la damu kwenye ukanda mweupe nikalitoa kwa mate, kama Orpha alivyonifundisha.

Usiku ule nilimwambia Delbert. Alisikiliza hadi mwisho, akakuna kidevu.

"Mwambie," alisema.

"Nitamwambiaje?"

"Kwa mdomo, Mama Renae. Unao."

Nikamjibu nitamwambia Ijumaa. Ijumaa kulikuwa na mazishi. Jumamosi mvua. Jumapili mtu hasemi habari za namna hiyo baada ya ibada, watu wamejaa. Jumatatu nilikwenda hadi kwenye uwanja wake nikakuta gari la Merle, nikageuza. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na zote kwa pamoja zilikuwa uongo mmoja mkubwa.

Siku ya kumi na moja, Jumanne, simu ililia nikiwa nachemsha tambi za kuku.

"Wifi," alisema Orpha, "nimempigia Merle. Nimemwambia akichukue kile chumba."

Maji yalikuwa yakifurika jikoni. Nikaenda nikapunguza moto, nikarudi kwenye simu. Nilikuwa na muda wote huo wa kufikiri.

"Kweli?" nikasema.

"Nilisema siku nikishindwa kukata. Nimeshindwa. Siwezi kugeuza neno kwa sababu limeniuma."

Na mimi, Luella, mwanamke aliyefundishwa kila kitu na huyu mtu, nilisema, "Labda ni vizuri, wifi. Utapumzika."

"Ndiyo," akasema. "Haya. Usiunguze chakula."

Sikula chakula kile. Delbert alikula peke yake. Nilijua kuwa kati ya yote niliyofanya neno lile ndilo baya zaidi, kuliko hata kisu, na hata hivyo nilikaa siku nane nyingine.

Siku ya kumi na tisa ilikuwa Jumatano. Nilikwenda kumsaidia kufunga vyombo. Nilikwenda kusaidia, hebu fikiri. Nilimkuta jikoni amezungukwa na maboksi. Merle alikuwa ameondoka kwenda kutafuta mengine. Vikombe vimefungwa kwenye magazeti. Orpha alifungua droo ya chini akatoa mkasi wake, ule mzito mweusi wa mama yake, mama mkwe wangu, ambao hakuna mtu aliyewahi kuruhusiwa kukatia hata kamba. Akanigeuzia upande wa kushika.

"Chukua. Kule nitakatia nini? Wewe bado unaona."

"Siuchukui, wifi."

"Umekuwa mzito wa kupokea? Tangu lini?"

"Wewe hukukosea."

"Nini?"

"Mananasi yako yalikuwa sawa. Yote. Ni mimi niliyeyapunguza." Nikaendelea kabla hajaniuliza. "Yangu niliyashona kwa karatasi za dukani. Sikupima. Mashine ya ofisini ikazitoa ndogo. Nikaona uvivu kurudia, nikayakata yako yalingane na yangu. Bafta yako iko kwenye droo, sijaigusa."

Orpha aliuweka mkasi mezani, polepole, kama mtu anayeweka yai.

"Yote thelathini?"

"Yote."

"Kwa siku ngapi?"

"Mchana mmoja."

"Vipande vilivyokatika viko wapi?"

"Nyumbani. Kwenye mfuko wa unga."

"Kavilete. Halafu unipeleke kanisani, una ufunguo."

Chumba cha chini kilikuwa kitupu, kina harufu ya kahawa ya Alhamisi iliyopita. Mfarishi ulikuwa umetandwa kwenye kiunzi, umeshonwa zaidi ya nusu. Orpha alimwaga mfuko mezani, akachagua katika ule utando wa vinyuzi hadi akapata kimoja, cha bluu nzito chenye vidoa vyeupe. Akatafuta nanasi lenye ukanda wa bluu ile. Akakiweka kile kinyuzi kando ya ukanda mwembamba, akaninyooshea mkono nimpe rula. Akapima vyote viwili pamoja. Akachukua kingine, nanasi jingine, akapima. Alipima saba. Rula aliibana kwenye kitambaa kwa kiwiko.

"Upana kamili," alisema.

"Kamili, wifi."

Alikaa kwenye nafasi yake ya dirishani. Nilidhani atalia, halafu nikadhani atanifukuza. Alikaa tu, viganja vyake juu ya kitambaa. Baadaye akainuka akaenda kwenye simu ya ukutani.

"Merle. Yarudishe hayo maboksi ulikoyatoa." Alisikiliza. "Hapana. Sikushindwa. Nilidhani nimeshindwa." Akasikiliza tena. "Muulize anti yako, yuko hapa." Akanipa simu.

Nikamwambia Merle, yote, huku mama yake ananitazama.

"Anti," alisema nilipomaliza, "wiki hii nilikuwa nimeanza kulala usingizi."

Nilikuwa sijafikiria hilo. Nilidhani nimemwumiza mtu mmoja.

Nilimrudisha Orpha nyumbani. Huku kwetu mtu akiomba msamaha husamehewa hapohapo. Tunafundishwa hivyo kabla hatujajua kusoma, na anayekataa ndiye anayeonekana mkosaji. Basi nilipozima gari uwanjani kwake nikaomba, nikijua jibu.

"Kwa kukata vitambaa, nimekusamehe," alisema Orpha. "Ni vitambaa. Na karatasi pia nimekusamehe, najua hukuwa na jicho, tangu zamani hukuwa nalo. Lakini ulijua kwa siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Siku kumi na tisa nimekuwa nikiamka asubuhi na kujiambia: wewe bibi, akili yako inakwisha na huwezi hata kuona inavyokwisha. Nilikuwa nikijipima, wifi. Nilipima unga mara mbili mbili. Nilirudi kutazama jiko nikiwa nimekwisha kuvaa viatu vya kanisani, nikarudi tena. Siku hizo siwezi kukusamehe kwa mkupuo. Nikisema nimezisamehe zote leo, nitakuwa nimesema uongo, na mwongo mmoja katika ukoo anatosha."

"Nifanyeje?"

"Uje Alhamisi. Uniombe siku moja."

Mfarishi ulimalizwa na Kendra akapewa. Orpha alishona wiki zote zilizobaki kwenye nafasi yake, polepole kwa vidole vile vibovu, na hakuna aliyethubutu kufumua mshono wake. Kwa kina mama nilijieleza mwenyewe, nimesimama. Siku ya harusi wageni waliupitia mfarishi wakausifu, na hakuna hata mmoja aliyetazama ukingo, ila Twila. Twila alitazama, akanitazama, akaenda kuchukua keki.

Na kila Alhamisi, tukitoka kanisani, naenda jikoni kwa Orpha. Nauliza, "Siku ya kwanza, wifi?" Naye huwaza kweli, hafanyi mzaha, hunieleza alifanya nini siku ile na alihisi nini, nami nasikiliza. Siku ya kwanza alilala na viatu. Siku ya nne alikata mraba wa gazeti, akaupima, ukatoka sawa, akasema rula nayo imeharibika. Siku ya sita ni ile ya kututungia sindano. Hiyo niliisikiliza nimeinama. Akimaliza husema, "Haya, hiyo imekwisha," na tunakunywa kahawa. Kwa mwendo huo tulifika siku ya kumi katikati ya Julai.

Sasa mahindi yamevunwa na tuko kwenye ya kumi na moja bado.

"Nilipiga simu kwa Merle nimesimama," aliniambia mara ya kwanza nilipoiomba. "Nikamwambia ndiyo, akichukue chumba. Nilipoiweka chini nikakupigia wewe. Sikukupigia kukupa habari, wifi. Nilitaka mtu mmoja aniambie nisiende."

Nimeiomba siku hiyo Alhamisi kumi na tatu. Jana nilimwambia kuwa tunaweza kuiruka, twende ya kumi na mbili, tutairudia.

"Hatuiruki," alisema. "Na leo bado." Akanisogezea sukari.